Semina ya Mjomba na Kuku Wangu

Juzi niliona wainjilisti wakitoka semina ya wiki mbili pale Nsemulwa, wamekumbatia vyeti kama vichanga. Nikamkumbuka mjomba aliporudi na chake, suti ikinuka dawa ya mende. Kwa utoto wangu niliamini amefundishwa kuponya, nikambebea kuku wangu pekee, anakoroma kwa ugonjwa wa kideri. Mjomba aliukemea ugonjwa mpaka mate yakaturukia. Kuku akalegea shingo.

“We mwinjilisti, wiki mbili zote mlisoma nini?” bibi akamuuliza.

“Mama, uponyaji ni semina ijayo.”

Bibi akamwahi kuku kwa kisu. Mimi nililia mpaka mchuzi ukaanza kunukia. Mjomba akaombea chakula kwa ufasaha, bila kukwama popote. Hilo somo walilimaliza.