Picha Tatu za Shemeji Salim

Sanduku la dada yangu Zuhura lilianza kunukia udi kabla halijatiwa nguo hata moja. Mama aliliegemeza ukutani likiwa wazi, akaweka chetezo mbele yake, akafunika vyote kwa shuka ili moshi usitoroke, na kwa muda wa wiki mbili nyumba yetu ya Likoni, kwenye njia ya kwendea Shelly Beach, ikanukia harusi kutwa kucha. Ndani ya harufu hiyo kulikuwa na wanga wa leso mpya, asumini zilizokuwa zikinyauka kwenye sinia, na halua ambayo mimi nilikatazwa hata kuitazama. Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika miezi ile ambayo kusi limekwisha kupungua na joto laanza kurudi kidogo kidogo, na Zuhura, aliyenizidi kwa miaka tisa, alikuwa anakwenda Ulaya kwa mumewe.

Mume mwenyewe, Salim, alikuwa kijana wa mtaani kwetu aliyepata kazi kiwandani huko Ujerumani. Ndoa ilifungwa kwa wakili. Nduguye alikaa mahali pake, akaitikia kwa niaba yake, sisi tukala pilau, na bwana harusi akajulishwa kwa barua kwamba ameshaoa. Aliyeisimamia shughuli yote, tangu posa mpaka kuosha masufuria, ni Shangazi Rukia, dada mkubwa wa baba. Na kwetu sanduku la bi harusi ni kazi ya shangazi. Mama mzazi hushona, hununua na hufukiza, lakini kinachoingia na kinachotoka husemwa na upande wa baba. Kila kitu lazima kiwe kipya, hakijagusa mwili wa mtu, kwa sababu sanduku hilo litafunguliwa mbele ya macho ya watu. Huko alikokuwa Salim kulikuwa na wake wawili watatu wa Kimombasa, na Shangazi alikuwa na hakika kwamba wangefika siku ya kwanza kuja kutazama. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini; akiulizwa neno juu ya sanduku alijibu, "Hayo ni yenu wanawake," akavaa viatu vyake akatoka.

Sasa, kuhusu nguo za kuvaa huko, sisi hatukuwa na mwalimu ila picha tatu. Salim alizituma ndani ya barua, na zilishikwa na mikono mingi hata pembe zikapinda. Katika ya kwanza amesimama kando ya gari jekundu, shati la mikono mifupi, miwani ya jua, kifua mbele. Katika ya pili yuko chini ya mti mkubwa, nao wote ni mwekundu, hauna jani la kijani hata la dawa. Katika ya tatu ameketi kwenye benchi, ardhi yote imejaa manjano, na jua linampiga usoni hata amekunja jicho. Barua yenyewe ilisema Zuhura atafika wakati huo huo wa mwaka zilipopigwa picha hizo, na kwamba habari za baridi watu wanazitia chumvi.

Shangazi Rukia alizisoma zile picha kwa ujuzi wote wa mtu aliyezaliwa Pwani akakulia Pwani. "Si mkrismasi huu?" akasema, akiugonga ule mti kwa ukucha. Kwetu mkrismasi ukishajaa maua mekundu, hata mtoto ajua kwamba joto limefika penyewe na watu watalala uani. "Na jua si hili? Na mtu si huyu, amevaa shati tupu? Mwatafuta ushahidi gani tena?" Kisha akaongeza hoja ya wageni wa Shelly Beach, ambao tuliwaona kila siku wakipita na kaptura, migongo imeiva kwa jua. Watu wa nchi ile ndio hao, akasema, na wangekuwa wamezoea nguo nzito tungewaona nazo. Kila mtu aliyekuwapo aliona yuasema kweli. Mimi pia niliona yuasema kweli, na nikaenda kuwaambia wenzangu shuleni kwamba dadangu aenda nchi ya mikrismasi.

Aliyekuwa hana amani ni mama. Zuhura alikuwa na kifua. Tangu utotoni, kusi likianza tu kuvuma na manyunyu yake, alikuwa akikoroma usiku hata twamsikia chumba cha pili, na mama humsugua mafuta ya habasoda mgongoni na kumkalisha wima mpaka asubuhi. Ilikuwa kusi la Mombasa tu hilo, ambalo mtu wa bara hulicheka. Basi mama, bila kumwambia mtu, alinunua blanketi jipya la kijivu, akalifumua koti kuukuu la baba alilokuwa akilivaa juu ya kanzu ili apate kipimo, akashona koti. Alilitia bitana ya satini ya samawati. Lilikuwa zito, limevimba mabegani, na Zuhura alipolijaribu tulicheka mpaka tukakaa chini. Mama hakucheka. Alimfunga kifungo cha juu kabisa, akamwambia, "Hiki usikiache wazi."

Siku chache baadaye akaja jirani yetu Mama Wambui, mzaliwa wa Limuru, aliyekuwa akiuza sweta na nguo kuukuu karibu na feri. Mama akamwonyesha zile picha. Mama Wambui aliziangalia kidogo tu. "Hiyo si maua, mama," akasema. "Hiyo ni majani inakufa. Miti ikiwa hivyo ni baridi inaingia. Jua iko, lakini haina kazi." Alikuwa amekuja na sweta mbili za sufu, nzuri wallahi, akataka kumpa Zuhura zawadi. Shangazi Rukia akazishika kwa ncha za vidole viwili, akazinusa, akazirudisha kwa adabu kubwa. "Ahsante sana, mwanangu, Mungu akuzidishie. Lakini bi harusi wetu hatumvishi mtumba." Mama Wambui alipotoka, Shangazi alisema watu wa bara huona baridi kila mahali. Watu wakacheka, na ushauri wa mtu pekee katika mtaa mzima aliyepata kuona umande ukiganda ukaishia hapo mlangoni.

Nami nina langu katika habari hii. Alasiri moja nilikuwa nimelala kifudifudi mkekani na zile picha, nikizitazama kama nilivyozoea, na katika ile ya tatu, pembeni kabisa mwa benchi, nikaona kitu cheusi kinaning'inia. Nikakileta karibu na macho. Ulikuwa mkono wa koti. Shemeji Salim alikuwa na koti, tena nene, na alilivua akaliweka kando ili shati lake jipya lionekane! Nikainuka nikasema kwa sauti, "Shangazi, hapa pana koti." Shangazi hakugeuka. "Mtoto hajibu asiloulizwa," akasema. Mama alikuwa amekaa kitako karibu yangu akipinda upindo wa leso. Aliichukua ile picha mkononi mwangu, akaitazama, na nilimwona alipouona ule mkono wa koti, kwa sababu sindano ilisimama. Kisha akanirudishia picha akaendelea kushona. Nilimchukia mama kwa muda ule. Sikujua mke aliyeletwa katika nyumba ya watu, na wifi mkubwa yupo, huwa na maneno mangapi ya kusema kwa mwaka, wala kwamba mama alikuwa ameshayatumia yote kuomba Zuhura asiozwe mbali.

Siku ya safari sanduku likakataa kufunga. Leso zilikuwa jozi kumi na mbili, mabuibui mawili, madira, viatu vya ngozi vya kupokelea wageni, mikoba miwili ya halua, achari, kashata, udi wa mwaka mzima. Shangazi alilikalia, mimi nikakaa juu, binti za jirani wakakandamiza pembe. Halikufunga. Shangazi akainuka akifuta jasho, akafungua, akatia mkono mpaka chini, akalitoa lile koti la blanketi. "Hili ndilo linalokula nafasi. Pale atakwenda kulifanyia nini, joto lote lile? Mumewe atamnunulia la maana." Akanitupia mapajani. Sote tukamtazama mama. Nilimwomba kwa macho aseme. Zuhura naye alimtazama, mikono yake imejaa hina hata hawezi kushika kitu, mdomo umefunguka kidogo. Mama alisema, "Haya, wifi, wewe ndiye ujuaye." Sanduku likafunga mara moja, tak! Nilikaa na lile koti mapajani mpaka gari la uwanja wa ndege likaondoka, na hakuna aliyeniambia niliweke wapi.

Barua ya kwanza ilifika baada ya mwezi, na ndani yake picha. Nimefika salama, watu ni wema, msiwe na wasiwasi. Shangazi aliipitisha nyumba hadi nyumba: "Tazameni alivyonawiri! Tazameni mashavu yalivyokuwa mekundu!" Ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Mama alizipanga zile picha kitandani, akaniita. "Mishi, njoo. Macho yako ni mazuri. Hili koti alilovaa hapa na hili la hapa ni moja?" Nikamwambia ni moja. Lilikuwa jeusi, la kiume, mikono imemmeza vidole, na mabega yameanguka. Nililijua. Nikamwambia mama, "Ni lile la Salim, lililokuwa kwenye benchi." Mama akaniuliza tena, polepole, "Na Salim je, katika picha hizi, yuko wapi?" Salim hakuwamo hata katika moja. Tukakaa hapo mimi na yeye tukiwaza watu wawili wenye koti moja, na kwamba mmoja akitoka mwenziwe hubaki ndani.

Barua ya nne haikuwa na picha, na mwandiko ulikuwa wa Salim. Zuhura amelazwa. Kifua kimembana, mapafu yameingia maji, madaktari wanajitahidi, tumuombee. Baba aliisoma kwa sauti, akafika kwenye tarehe, akasita. Ilikuwa imeandikwa wiki tano nyuma. Sijapata kuona mtu akilia kama mama alivyolia siku ile, kwa sababu hakujua analia kwa jambo gani. Huenda mwanawe ameshapona na yuapika jikoni kwake. Huenda ameshazikwa. Baba alivuka akaenda posta ya mjini na nambari ya kiwanda, nikafuatana naye. Simu ikapokelewa na mtu akisema Kijerumani. Baba, mtu mzima mwenye heshima zake, akawa anapiga kelele mle ndani ya kibanda, "Salim! Salim! Zuhura! Hospitali!" Yule mtu akasema maneno mengine, kwa upole nadhani, kisha akakata. Baba aliendelea kushika mkono wa simu sikioni mpaka mtu wa nyuma akagonga kioo.

Tulikaa hivyo siku ishirini na kitu. Mama alikuwa akiamka akilitoa lile koti la kijivu kabatini, akilikung'uta, akilirudisha. Jioni moja Shangazi Rukia akaja, akakaa mkekani bila kuvua buibui. Hakuleta maneno yake ya siku zote. Akasema, "Wifi, wallahi mimi niliona jua." Mama alikuwa akichambua mchele. Akasema, "Na mimi niliona koti." Shangazi alilia kwa sauti, akijipiga paja, na mama akaenda kumletea maji ya kunywa. Mimi nilikuwa mlangoni nikitaka mtu agombezwe, na hapakuwa na wa kugombezwa.

Zuhura hakufa. Barua ilikuja, mwandiko wake mwenyewe ukitetemeka, na pafu moja halikurudi kuwa kama lilivyokuwa. Mama alimpa Mama Wambui lile koti ampelekee mamake Limuru, naye akatuletea salamu kwamba bibi halivui hata jikoni. Dada yangu alizaa huko, akazeeka huko. Alikuja nyumbani mara mbili, na mara ya pili mama alikuwa ameshakwenda kwa Mola wake.

Siku hizi hatungoji barua. Nikitaka kujua baridi ya mji wao, nabonyeza simu naona ni nyuzi ngapi, na asubuhi, kabla sijanywa chai, najua ikiwa leo dadangu atavaa nguo mbili au nne. Watoto wangu wanacheka nikiwasimulia watu wazima waliokosana juu ya rangi ya majani. Kila Ijumaa baada ya swala mimi na Zuhura twaonana usoni, yeye jikoni kwake, mimi hapa barazani Likoni. Nikimuuliza kifua, husema alhamdulillahi. Lakini katikati ya maneno mara kwa mara hunyoosha kidole akabonyeza simu yake, na sauti huzimika. Nabaki namwona ameinama, mabega yatikisika, mkono umeshika ukingo wa meza, na hakuna ninachosikia. Namngoja. Kisha huinuka, hujifuta midomo, hubonyeza tena, huniuliza, "Ulikuwa ukisemaje, Mishi?" Nami humwambia nilikuwa nikimuuliza amepika nini leo.