Chupa Zisizo na Majina

Nilikuwa dresa wa zahanati ya shamba la kahawa Ruiru, na sikuwa dresa wa kungoja mtu augue. Wazee wetu, wengi wao watu wa magharibi mwa Kenya kama mimi, niliwagawa kwa umri. Waliokuwa bado wanachuma kahawa niliwasikiliza kifua. Waliokwisha kuacha kazi niliwakagua macho na miguu. Wote niliwapima mkojo. Kazi hiyo niliijua, na nilipenda watu wajue naijua.

Kisha mama mkwe akaja kukaa kwa shemeji yangu, mtaa wa Kamenu, mjini Thika. Mke wangu aliporudi kutoka kumwona alinieleza kwamba mama anakunywa maji bila kutosheka, na kidole chake cha mguu kina kidonda kisichopona. Niliogopa. Nilishaona mguu ukikatwa kwa kidonda kama hicho.

Lakini kwetu mkwe hamshiki mkono mama mkwe wala hamtazami usoni, seuze kuchemsha mkojo wake! Nikafanya ujanja. Mke wangu aligawa chupa kwa wazee wote wa ploti ile aliyopanga shemeji, zikiwa na namba tu, na orodha akabaki nayo. Nilizipima moja moja kwa ile dawa ya buluu ya kupimia sukari, juu ya taa ya spiriti. Zote zilibaki buluu ila namba sita, iliyogeuka nyekundu kama tofali.

Nilimtuma mke wangu amwambie mwenye chupa hiyo aende hospitali. Alirudi akiangalia chini. Mwenyewe amekataa, alisema; anadai uzee si ugonjwa, tena amemwapisha asimtaje. Sikuhitaji kutajiwa.

Jumapili nilikwenda Kamenu, nikawakusanya wazee uani na kuwaeleza, kwa sauti ya kufika hadi ndani, kwamba namba sita ana sukari na anaweza kupoteza mguu. Wakatazamana. Mzee mmoja akaanza kuitetea chupa yake.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia la mlango. "Mkwe wangu, hiyo ni yangu. Mguu bado nauhitaji. Niambie nifanye nini."

Niligeukia ukuta, kama heshima inavyotaka, nikamweleza chakula, viatu, na hospitali kesho asubuhi. Sauti ilinitetemeka mbele ya wazee wote, wala sikujali. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka minne, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza.