Aliyekuja Kunitazama Mimi

Mama alipooza upande mzima wa kulia mwaka uleule niliorudi Chumbageni na talaka yangu. Kaka zangu wawili, waliokuwa wakiishi Mombasa, walisema ni kudra: Mungu kanirudisha nyumbani kwa hekima yake. Basi nikawa mimi wa kumlisha, wa kumwosha, wa kumgeuza ili vidonda visimle mgongo, wa kuanika godoro la sufi ambalo halikupata kukauka sawasawa. Maneno yote yalimtoka mama, likabaki moja tu: "Ondoa." Nikimpa uji, ondoa. Nikimfunika shuka, ondoa. Nikikaa nikamshika mkono, alinitazama kwa lile jicho lake zima akasema, "Ondoa," nisijue anasema mkono au anasema mimi.

Wageni hawakukatika. Mtaa wetu ulikuwa na adabu zake, mgonjwa hutazamwa.

"Mgonjwa aonaje?"

"Hajambo kidogo, alhamdulilahi."

Watamsomea dua, watamwachia machungwa, wataniambia nisichoke kwani pepo iko chini ya nyayo za mama. Kisha watavaa viatu, nami nibaki na vikombe vyao vya kuosha. Kuna wakati nilitamani niugue mwenyewe, si ugonjwa mkubwa, homa tu ya kunilaza, ili mtu aniulize. Hata hiyo homa haikuja.

Siku moja baada ya adhuhuri nikasikia hodi ya uani, si ya barazani. Alikuwa jirani, mwanamke wa Kisambaa, Mlutheri, aliyepanga chumba nyumba ya ubavuni na mumewe aliyekuwa akipakia katani bandarini. Tulizoea kusalimiana bombani tu.

"Karibu. Mgonjwa yuko ndani," nikamwambia.

"Mgonjwa nimeshamwombea," akasema. "Leo nimekuja kukutazama wewe, dada."

Akanieleza kuwa kwao milimani mwenye kuuguza ndiye huletewa kuni na maji kwanza, kwa sababu huyo akianguka wameanguka wawili. Akalichukua beseni la mashuka, yale niliyokuwa nikiyaonea haya hata mimi, akayafua bila kugeuza uso. Alipomaliza kuyaanika akaniambia nivue mtandio. Nikakataa. Nywele zangu zilikuwa zimeshikana mafundo, hazikuonja chanuo tangu sijui lini. Akanikalisha mkekani, akaniweka kichwa katikati ya magoti yake, akanitia mafuta ya nazi, akaanza kuzichambua taratibu. Muda mrefu mkono ulionigusa ulikuwa ule mzima wa mama tu, ukinisukuma. Nililia mpaka kanga ikalowa, naye hakuninyamazisha. Alisuka mpaka akamaliza.

Akawa anakuja kila alipopata nafasi. Akifika, mimi hulala, yeye hukaa na mama. Wapo walionong'ona, "Huyo Mkristo mbona kazidi kuizoea nyumba ya watu?" Walionong'ona ni walewale wa machungwa.

Wakati huo alikuwa na mimba. Ilipotimia akajifungua mtoto mfu, na homa ikamshika palepale. Nikiwa uani kwetu nilimsikia akiugulia. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekuja kwa Idi, nikamwendea.

"Kaka, kaa na mama mpaka alasiri tu. Nataka kwenda kumtazama jirani."

"Nikae mimi? Na akijichafua?"

"Nitamwosha kabla sijatoka."

"Na akijichafua tena? Mimi mtoto wa kiume, nitamwoshaje mama?" Akavaa kofia yake akaenda barazani kwa wenzake.

Nilibaki nimesimama na sufuria ya uji, na ndani mama ameanza, "Ondoa, ondoa." Nikaupitisha uji ule juu ya ua wa makuti, mumewe akaupokea upande wa pili. Nilisema pole kwa sauti, ili na mgonjwa asikie. Sijui kama alisikia. Ndilo nililoliweza.

Mumewe akampandisha treni ya Mombo, apate kuuguzwa na mama yake huko juu. Alirudi peke yake kuchukua vyombo. Nilipomwona mlangoni pa uani amekamata kofia kifuani, nilijua.

"Hakufika kwa mama yake," akasema. "Nilimshika kichwa njia nzima."

Nilitaka kumwambia mkewe alikuwa nani kwangu, nikaishia kumvutia kigoda. Nikamwambia akae. Nikampakulia wali, hakuugusa.

"Umechoka, kaka yangu," nikasema.

"Nimechoka," akasema, akafunika uso kwa ile kofia. Nilikaa karibu naye, na mama alipoita sikuinuka upesi.

Mama naye akafa, masika yalipokuwa yakiisha. Watu wakajaa barazani kuwapa kaka zangu pole. Siku ya hitima kaka mkubwa alisimama akawashukuru wote waliotoka mbali kuja kumzika mama yake. Mimi sikutoka mbali. Nilikuwa jikoni nikichochea moto chini ya sufuria la pilau, macho yakinitoka maji, na wenzangu wakadhani ni moshi.

Kesho yake kaka mkubwa akaniita.

"Nyumba tutaipangisha. Wewe twende zetu Mombasa. Mama mkwe wangu kapooza, na mke wangu hayajui mambo haya. Wewe ushazoea."

Mwanamke aliyeachwa, asiye na mtoto, angejibu nini, na angekwenda kukaa wapi? Nikafunga kanga zangu kwenye kitambaa. Basi liliposimama Horohoro mpakani, abiria walishuka kunyoosha miguu, nami nikabaki kitini. Nilijaribu kumlilia mama, machozi yakakataa.

Tulifika Mombasa wakati wa magharibi. Mama mkwe wa kaka alikuwa amelazwa chumba cha nyuma, dirisha limefungwa. Wifi yangu alinipokea kwa furaha, akanishika mkono, akanionyesha ndoo ilipo.