Sahani za Chini ya Kitanda

Mama yangu alikusanya sahani. Za bati, nyeupe, zenye ukingo wa buluu, alizozinunua moja moja kila nyanya zake zilipotoka vizuri soko la Suna. Alizifungia ndani ya sanduku chini ya kitanda, na sisi tukala kwa plastiki zilizopasuka. Hata wakwe walipokuja kunichumbia aliwapakulia kwa plastiki hizohizo! Nilinuna wiki nzima. Nilimwambia anapenda bati kuliko binti yake.

"Hizo ni za siku yangu," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Shangazi ndiye aliyenieleza. Kwetu, mzazi akifariki, binti aliyeolewa hurudi kumpikia, na huja na vyake vyote: unga, nyama, sufuria, mpaka sahani. Bibi, mama yake mama, alipofariki kule Rusinga, mama alikuwa ameolewa juzijuzi, hana kitu. Akaazima sahani kwa jirani wa bibi, zenye alama ya msalaba mwekundu chini. Jirani akazifuata waombolezaji wakiwa bado wanakula. Moja haikuonekana, akamwita mama mwizi mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo mama hakuazima hata chumvi, akaanza kununua sahani ili siku yake nami nisije kuazima.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nikatoka kwangu Homa Bay kwenda kumpikia yeye. Nililifungua sanduku nikilia. Chini kabisa, ndani ya leso kuukuu, kulikuwa na sahani ya ukingo wa kijani. Nikaigeuza. Msalaba mwekundu.

Kumbe aliiba kweli, nikawaza. Na jirani yule, sasa ajuza wa mkongojo, alikuwa hapo nje, amekuja kutoka Rusinga kuomboleza. Ningeweza kuirudisha ndani ya leso. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba aibu isiyo yangu, nikampakulia kwa sahani hiyohiyo, nikapiga magoti mbele yake.

"Bibi, tusamehe," nikamwambia.

Aliigeuza kidogo, akaitazama alama.

"Nyathina, mwanangu, hii niliipata nyumbani kwangu jioni ileile," akasema. "Nilimpelekea mama yako kumwomba msamaha. Aliipokea, akaifunga ndani ya leso yake."

Akaanza kula polepole. Mimi nilirudi jikoni nikakaa chini kwenye majivu. Mama alikuwa amelala ndani ya jeneza lake, hajazikwa bado, na mimi mwanawe nilikuwa nimeshamwita mwizi.