Kiharusi kilinirudia siku ya posa, wakwe wakadhani nadai kifungua mdomo kikubwa zaidi

Wakuu, habari za majukumu.

Nianze kwa kuwataja waliokuwepo sebuleni kwangu siku ile, ili atakayeona naongeza chumvi ajue mashahidi wapo. Nilikuwepo mimi mwenye nyumba. Mdogo wangu Kassian. Baba Upendo, jirani yangu hapa Lizaboni, Mhehe, kwa hiyo ni mtani wangu mimi Mngoni. Mzee Ponsiano wa Maposeni, mjomba wa muoaji. Mshenga wao, mwembamba, suti ya kijivu. Na jogoo mmoja, ingawa yeye aliingia katikati ya kikao.

Deo, muoaji mwenyewe, alibaki nje kwenye gari. Kandida, mdogo wangu wa mwisho ambaye ndiye anayeolewa, alikuwa chumbani nyuma ya pazia, haruhusiwi kutoka mpaka aitwe.

Jogoo nimemtaja kwa sababu yupo mpaka leo. Mtaelewa mbele.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikaenda kushika randa kwa fundi seremala. Kassian na Kandida nimewalea kwa mbao. Siku za kawaida wananiita kaka, wakikasirika wananiita baba. Baba mdogo aliyebaki yuko mbali kule Namasakata na miguu haimbebi tena, akatuma salamu kwamba kwenye kiti cha baba nikae mimi.

Sasa ugonjwa.

Mwaka jana nilikuwa napiga randa ubao wa mlango. Randa ikaenda, mkono ukabaki. Upande wa kulia wote ukalala, mdomo ukaenda pembeni, na maneno yakaisha kichwani. Siyo yote. Lilibaki moja.

Bado.

Kwa nini hilo, sijui mpaka leo. Unaitwa nani? Bado. Utakunywa uji? Bado. Padri alikuja kunipaka mafuta ya wagonjwa, akaniuliza kwa upole kama niko tayari. Nikamwambia bado. Yule baba alicheka mpaka akafunga kitabu.

Basi tukaanza mazoezi. Kandida alikuwa ananiwekea bakuli mbili, nahamisha maharage moja moja kwa mkono mbovu kutoka hii kwenda ile. Nikimaliza anasema vizuri, sasa yarudishe. Wakuu, ile kazi inachosha kuliko kupasua gogo. Lakini mkono ukaanza kutii, nikatembea kwa fimbo, maneno yakarudi, polepole kama wageni wanaoona aibu kuingia ndani.

Deo alipotaka kuleta posa, Kandida alimwekea sharti moja tu. Alimwambia, "Sitoki kwenye nyumba hii mpaka kaka aseme kwa mdomo wake mwenyewe."

Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: "Sisi tumekubali, karibuni nyumbani." Tuliyafanyia mazoezi mpaka Kassian akawa anayasema usingizini.

Kwa wasiotoka huku kwetu: wageni wa posa wakishakaa, sisi hatuongei. Mwenye kiti cha baba ananyamaza tu. Wao wanaweka kitu kwenye sahani, kinaitwa kifungua mdomo. Kikimridhisha, mdomo unafunguka, mazungumzo yanaanza. Asiporidhika, wanaongeza.

Mnaona tunakoelekea.

Asubuhi ile niliamka na homa na mkojo unauma. Nikajua ni uchovu wa maandalizi. Tangu niugue nilikuwa nakunywa maji kidogo sana, maana kwenda chooni na fimbo ni safari kamili. Nikavaa koti, nikakaa kwenye kiti.

Mshenga akaweka noti zake kwenye sahani, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Mimi nikavuta pumzi. Kichwani sentensi ilikuwa imekamilika, naiona, imesimama mlangoni na viatu miguuni.

Nikafungua mdomo. Ikatoka, "Bado."

Kassian akaninong'oneza, "Kaka, hatukukubaliana hivyo."

Mzee Ponsiano akatabasamu kiutu uzima. "Sawa kabisa. Binti kalelewa, tunaona." Akaongeza kitenge.

"Bado."

Wakaongeza blanketi, lile zito lenye picha ya simba.

"Bado."

Mtani wangu Baba Upendo sasa alikuwa amefika peponi. Akajipiga paja kwa furaha. "Mwageni, wenzangu, mwageni! Babu zake hawa walitembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini hawakuchoka. Mnadhani mjukuu wao atachoka kukaa kwenye kiti?"

Mshenga akatoka nje, akarudi na jogoo mwekundu. Yule jogoo hakuwa wa posa, wakuu. Ilikuwa zawadi ya mshenga kwa shemeji yake wa Mfaranyaki, alipanga kuipitisha wakirudi. Akamweka juu ya blanketi kama mtu anayeweka figo yake.

Nilitaka kumwambia amchukue kuku wake, mimi naumwa. Nikamwangalia machoni, nikakusanya nguvu zote nilizobakiwa nazo.

"Bado."

"Hebu muoneni mdomo!" mtani akapiga kelele. "Umekwenda upande kwa tamaa!"

Wakacheka wote. Kassian naye akacheka. Na mimi nasikia kila kitu, naelewa kila kitu. Nilikuwa naona ndoa ya mdogo wangu inavunjika, na inayoivunja ni midomo yangu mwenyewe. Nikanyoosha mkono nimshike Kassian. Mkono haukufika, ukaangukia sahani, noti zikatawanyika sakafuni.

Kicheko kikakatika.

Mzee Ponsiano akasimama polepole, akachukua kofia yake. "Amemwaga sahani. Jamani, mzee ametukataa. Twendeni."

Hapo ndipo pazia lilipofunguka. Kandida alitoka mbio, pekupeku, nusu ya nywele zimesukwa na nusu bado. Muolewaji anatoka bila kuitwa, mbele ya wakwe! Mshenga alifunika macho.

"Shikamoo mzee, naomba usitoke," akamwambia Mzee Ponsiano. "Hiyo bado siyo ya posa. Hiyo ni ya ugonjwa!"

Akapiga magoti mbele yangu. "Kaka, inua mikono yote miwili."

Ukainuka mmoja.

"Cheka, kaka."

Nikacheka nusu.

Wa kwanza kuninyanyua alikuwa Baba Upendo. Jasho lilikuwa linamtoka. "Mtani, usinifanyie hivi," anasema. "Mimi nilikuwa natania. Mtani, si unajua nilikuwa natania?"

Nikamjibu bado. Nasikia mpaka leo hiyo inamuuma.

Deo kule nje aliona posa yake nzima inamjia imebeba mkwe. Gari lilikuwa moja tu, la kwao, tukaingia wote. Lakini Mzee Ponsiano ni mtu wa mila. Alikunjua kile kitenge, akakishika kwa mikono miwili kati ya viti vya mbele na vya nyuma, kutoka Lizaboni mpaka hospitali, ili muoaji asimuone muolewaji kabla ya mazungumzo kukamilika. Deo akaamriwa asiangalie kioo cha ndani. Mimi nimelala mapajani kwa Kandida. Jogoo, ambaye hakuna anayekumbuka nani alimbeba, alikuwa kifuani kwangu.

Hospitali wakanikimbiza kwenye vipimo. Huko nje mtani, kwa hofu au kwa mazoea, akaanza kunililia kama watani wanavyofanya msibani. Alishika kiatu changu kimoja, anatangaza kwamba hiki ni urithi wake.

Nesi akamuuliza, "Wewe baba ni ndugu wa mgonjwa?"

"Mimi mtani wake."

"Basi katanie nje ya geti. Na kiatu acha."

Daktari alituambia siyo kiharusi kipya. Yale ya zamani ndiyo yaliyorudi, kwa sababu mwili ulikuwa na maambukizi kwenye njia ya mkojo pamoja na homa. Alisema ubongo ulioumia unabaki na kovu, na mwili ukichoka kwa homa, kovu linaweza kuamka na kuonyesha dalili zilezile za mwanzo. Ila akasisitiza kwamba kwa macho hakuna wa nyumbani anayeweza kujua kama ni kiharusi kipya au ni kovu. Dalili zikirudi, ni hospitali hapohapo, kana kwamba ni kipya. Akamwambia Kandida amefanya sawasawa.

Nikatibiwa, homa ikashuka, maneno yakaanza kurudi. Lakini mkono ukabaki nyuma sana.

Niwaambie ukweli, pale kwenye sahani hapakuniumiza. Kilichoniumiza ni siku niliyorudi nyumbani nikawekewa zile bakuli mbili tena. Maharage yaleyale. Nilipiga bakuli likaenda mpaka ukutani.

Kandida hakunihubiria. Alichuchumaa, akaokota, akapuliza vumbi. "Haya siyo mapya, kaka. Unayajua." Akaniwekea tena mbele.

Nikachukua moja.

Kuhusu kuongea, mtu wa mazoezi alishauri niongee na mtu asiyenimalizia sentensi. Nyumbani kwangu hayupo. Kassian ananimalizia, Kandida ananimalizia, mtani ananimalizia kwa matusi. Kwa hiyo naongea na jogoo. Kila asubuhi nakaa naye uani, namwambia sisi tumekubali, karibuni nyumbani. Naye huwa anawika kabla sijafika kwenye "karibuni", lakini angalau hajui nilitaka kusema nini.

Hatujamchinja kwa sababu hatuna haki. Mzee Ponsiano alipokuja kunijulia hali, nilimwambia Kassian amrudishie vitu vyote. Mzee akakataa katakata.

"Kifungua mdomo hakirudishwi. Sisi tumeshaweka. Tunachodai sasa ni mdomo."

Kassian akajitolea kukaa kwenye kiti badala yangu ili mambo yaishe. Kandida akamwambia, "Wewe ndugu yangu nakupenda, lakini sikulelewa na wewe." Deo amesema atasubiri. Shemeji wa Mfaranyaki naye anasubiri, kila mara anaulizia jogoo wake.

Nilichojifunza ni kwamba kupona huku hakuendi kama ngazi. Unaweza kupanda, halafu siku ya maana kuliko zote ukajikuta chini na watu wanacheka. Usikate tamaa, na usijidanganye pia. Kunywa maji, homa usiifanyie mzaha, na watu wako wa karibu wazijue dalili zako za mwanzo, zote, hata zile zinazochekesha. Mimi nilipona kwa sababu kulikuwa na mtu nyuma ya pazia anayeijua bado yangu.

Jumapili iliyopita tumetoka misani, Mzee Ponsiano akaniita kutoka upande wa pili wa uwanja wa kanisa, mbele za watu.

"Mzee! Mdomo wetu uko wapi?"

"Bado," nikamjibu.

Kandida alitupa kitabu cha nyimbo akanirukia. "Inua mikono!" Nikainua yote miwili, mmoja juu, mwingine unafuata kwa kujikongoja. Akina mama waliokuwa karibu wakadhani nimeguswa na mahubiri, wakainua ya kwao.

Mzee Ponsiano akasogea, kofia mkononi, anaogopa kuuliza. "Hiyo ni ya ugonjwa au ya posa?"

Nikajipanga. Nikavuta pumzi.

"Ya posa."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Waliopitia hali ya dalili kurudi, au wanaouguza, karibuni mtueleze mlivukaje. Nikichelewa kujibu msinielewe vibaya, nachapa kwa mkono mmoja. Na sasa hivi niwaache, jogoo ananiita uani, na deni la watu bado liko palepale.