Kambare wa Mvua ya Kwanza

Mwezi wa Novemba, mwaka wa pili tangu wakimbizi waingie Ngara, kambare walipanda kijito chetu cha Mbuba kwa mara ya mwisho. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwepo.

Laiti ungewaona! Kila mvua ya kwanza, kijito kilipofurika, walitoka kwenye dimbwi la chini na matumbo yao ya mayai, wakapanda hadi kwenye majani ya bondeni kutaga. Bibi yangu hakuruhusu mtu kuwagusa. Mitego ya matete tuliiweka maji yakianza kupungua, baada ya wiki nzima au zaidi, samaki wakirudi. "Nendeni mkajifungue," aliwaambia, "tutaonana mkirudi."

Mwaka ule, juu ya bonde, kijito kilizibwa kwa ukuta ili maji yasukumwe kambini. Silalamiki, watu walikuwa na kiu. Lakini mvua zilikuja na kijito hakikufurika. Kilitiririka kidogo vilevile, asubuhi na jioni, huku kambare wamerundikana dimbwini. Bibi akanichukua, tukaenda kwa mlinzi wa bwawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wafungulie wazazi wangu wapite, mwanangu."

"Bibi, hili ni bwawa la maji, si wodi!"

Mlinzi alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini Jumamosi, bwawa lilipojaa pomoni, alifungua.

Jamani! Maji yalikuja yakinguruma, mekundu, yamebeba vijiti na majani makavu. Kambare wakapita katikati ya miguu yetu, migongo nje, wakitupiga mikia kwenye miundi. Tulipiga kelele hadi sauti zikakauka. Bibi, na goti lake bovu, alicheza. Jirani yetu aliyehamia kutoka Shinyanga alishika kichwa. "Bibi, kitoweo kinapita hivihivi?"

"Kipite! Wewe mama yako alikamatwa njiani akienda kukuzaa?"

Kabla ya saa sita mlinzi akafunga. Kambini mabomba yalikuwa yameanza kukauka. Maji yakashuka ghafla, kama beseni lililomwagwa. Kambare wakabaki wakijipinda kwenye majani, na mayai yao, madogo ya kijani, yakiwa yamenata kwenye mabua, juani.

"Ndoo!" bibi akapaza sauti. "Warudisheni dimbwini!"

Tukakimbia. Jirani yule wa kitoweo alikimbia kuliko wote, ndoo huku na huku. Mimi nilipeleka ndoo mbili dimbwini. Ya tatu, yenye kambare mmoja, niliipeleka nyumbani. Tulikuwa tumekula maharage mwezi mzima, na dada yangu alikuwa amekwisha kuwasha moto. Tulimla kambare yule na mayai yake, na sitakudanganya, alikuwa mtamu.

Kambi ilifungwa zamani, bibi amefariki, ukuta upo. Nyuma yake kuna perege wadogo, watoto huwavua kwa ndoana. Chini yake sijaona kambare akipanda tena, ingawa kila Novemba naenda kutazama.

Jioni ya Jumamosi ile nilimkuta bibi kando ya dimbwi, kanga imelowa hadi kiunoni.

"Umewafikisha wote?"

"Wote, bibi."

Akanishika mkono, akanusa vidole vyangu, akauachia. Kisha akaokota ndoo yake, akarudi bondeni kutafuta mwingine.