Ijumaa Isiyo na Kambare

Hilaria alikuwa na siku moja tu ya kujidai: Ijumaa ya Kwaresima. Siku hiyo Wakatoliki wa Makanyagio hawagusi nyama, na kibanda chake kilijaa watu waliofuata kambare wake wa karanga. Mwaka ule wa 1976, kambare hakuna.

Tusizunguke: aliyewamaliza ni Ponsian, mdogo wa mumewe. Desturi ya mto kila mtu anaijua. Kiangazi maji yakikatika, mnavua madimbwi yote isipokuwa lile lenye kina, samaki wazazi wabaki mule mpaka mvua ziwatoe wakatage mashambani. Ponsian akatwanga utupa, ule mmea wa sumu ya samaki, akaumwaga humo. Samaki wakaelea wote, wakubwa kwa wadogo. Akachagua wanono, waliobaki wakaoza. Alipoulizwa alisema mto hauna mwenyewe. Sasa masika imefika, na mashamba ya mpunga yamejaa maji na vyura basi.

Makarius wa reli ndiye aliyemletea Hilaria ngisi wakavu kutoka Dar. Akamhakikishia kwamba ni kitu cha bahari, si nyama, wala katekista hatakuwa na neno. Hilaria aliitazama ile mikono mingi isiyo na mfupa hata mmoja, moyo ukasita. Lakini wateja wakishazoea maharage ya jirani yake Katarina, hawarudi.

Akawapika ngisi kama alivyojua kambare wa moshi: suuza kwa maji moto, tia karanga, chemsha kidogo, epua upesi wasivurugike. Maskini, ngisi mkavu havurugiki. Anataka kulowekwa tangu jana yake, kisha achemke mpaka uchoke wewe. Watu walitafuna kama wanatafuna kandambili. Mmoja mmoja wakasukuma sahani, wakavuka barabara kwa Katarina. Hilaria alisimama na mwiko wake mkononi.

Akabaki Ponsian, ambaye kwa shemeji yake hula bila haraka. Akatema kipande kiganjani, akakigeuza.

"Shemeji, wale kambare wako wako wapi?"

"Uliwala kiangazi, shemeji," Hilaria akasema. "Wao, na watoto wao, na wajukuu ambao hawajazaliwa. Huyu amepanda treni toka Dar kwa ajili yako. Mtafune."

Akamwongezea upawa mwingine, akasimama hapo hapo kumwangalia. Ponsian akakirudisha kipande mdomoni. Katarina alimaliza sufuria ya maharage, akabandika nyingine, na Ponsian alikuwa bado anatafuna.